Petroli ya 88 na Pistoni Iliyokwama Ziwani: Nitie Mafuta Gani Kwenye Pikipiki ya Theluji?

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mzaliwa wa Musoma, na huu ni mwaka wangu wa sita kuishi kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, ambako ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilikulia mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na nilipoona watu wa huku wanatoboa barafu ya ziwa na kuketi juu yake wakivua, nilijua nimepata jambo la kunifanya niivumilie baridi. Tatizo ni kwamba samaki wazuri wako mbali na ufukwe, na kutembea kwa miguu kilomita sita juu ya ziwa lililoganda huku unakokota vifaa si kazi ndogo.

Kwa sababu hiyo, Novemba mwaka jana nilinunua pikipiki ya theluji, ile isiyo na magurudumu bali hukanyaga theluji kwa mkanda mpana, kutoka kwa mwenzangu wa kazini. Ni ya mwaka 1999, ina injini ya mipigo miwili, silinda mbili na kabureta mbili, na oili yake huingizwa na pampu, haichanganywi kwa mkono. Ilikuwa imekaa bandani tangu Machi na tangi lilikuwa na mafuta nusu, nami nikaongezea juu yake. Kituo nilichokwenda kilikuwa na petroli za namba tatu: 87, 88 na 91. Ile ya 88 ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote, na kwa kuwa namba yake inaizidi 87, niliona nimepata mafuta bora kwa fedha kidogo. Nikajaza tangi, nikajaza na dumu la galoni tano.

Desemba nilikwenda nayo mara mbili, haikunisumbua. Mwezi wa Januari, siku ambayo baridi ilifika nyuzi 29 chini ya sifuri, nilikuwa narudi kwa mwendo wa kasi wakati injini ilipopungua nguvu ghafla, ikatoa sauti kali na kukwama. Nilibaki katikati ya ziwa jua likizama, mpaka mzee mmoja Mmarekani alipopita akanivuta hadi nchi kavu. Fundi alinitoza karibu nusu ya bei niliyonunulia mashine yenyewe. Alinionyesha pistoni ya upande wa kulia: imekwaruzwa vibaya upande wa ekzosi, na ukingo wake wa juu umeanza kuyeyuka. Pistoni ya kushoto ilikuwa safi.

Sasa kila mtu ananiambia lake. Fundi anasema ethanoli ndiyo iliyoua injini, nisiitie tena maishani. Aliyeniuzia anasema ametumia 87 ya kawaida, yenye ethanoli, kwa miaka mingi bila tatizo. Rafiki yangu anasema nitie 91 kwa sababu ina nguvu zaidi, na kila nikijaza nimimine na chupa ya dawa ya kuzuia mafuta yasigande. Mke wangu anasema niiuze kabla haijanifia tena ziwani. Majira ya baridi yanakaribia, na lile dumu bado liko stoo likiwa na mafuta zaidi ya nusu. Naomba uniongoze, Mzee: nitie petroli gani, na je, ethanoli ndiyo iliyoniharibia kweli?

Mvuvi wa barafuni, Minnesota

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kabla sijahamia huku kwenye theluji, nilitengeneza injini za mitumbwi pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa miaka mingi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za mipigo miwili kama hiyo yako. Ninaijua hali ya mtu ambaye injini imemkwamia mbali na nchi kavu. Kwenye maji unaweza kupiga kasia, lakini kwenye barafu, katika baridi ya nyuzi 29 chini ya sifuri, vidole ndivyo vinavyoanza kukuacha, kwa hiyo nashukuru kwamba yule mzee alipita.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa mashine yako, katika jimbo lako, tia petroli ya 91 isiyo na ethanoli, iliyonunuliwa karibuni, na usiiache ikae. Hata hivyo, siamini kwamba ethanoli peke yake ndiyo iliyoiharibu pistoni yako, na ukiamini hivyo unaweza kuharibu pistoni ya pili huku tangi lako limejaa petroli safi kabisa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo washauri wako wote wameyachanganya. Namba iliyoandikwa kwenye pampu ni jambo moja, na kuwamo au kutokuwamo kwa ethanoli ni jambo lingine. Namba hiyo ni okteni, na inapima jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo na joto bila kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Petroli ikilipuka yenyewe ndani ya silinda, mawimbi yake hupiga kichwa cha pistoni kama nyundo, na ndiyo ile hali mafundi wanayosema kuwa injini inagonga. Okteni kubwa haina nguvu zaidi ndani yake. Injini isiyohitaji 91 haitakwenda kasi kwa sababu umeipa 91, ingawa pia haitadhurika. Kumbuka vilevile kwamba Marekani na Kanada huandika wastani wa vipimo viwili, ilhali nyumbani Afrika Mashariki, kama Ulaya, tunatumia kipimo kimoja kiitwacho RON, kwa hiyo 91 ya Minnesota inakaribia 95 au 96 ya nyumbani, na 87 yao inakaribia 91 au 92. Nimewaona Waswahili wenzetu wakidhani Wamarekani wanauziwa mafuta duni kwa sababu ya tofauti hiyo ya hesabu tu.

Angalia kibandiko kilicho karibu na mfuniko wa tangi au kitabu cha mashine. Pikipiki nyingi za theluji za kabureta za umri wa hiyo yako ziliundwa zikubali 87, na zile za mwendo mkali zikataka 91. Mimi huegemea 91 kwa mashine hizi kwa sababu moja ya kiutendaji: kwenye gari utasikia injini ikigonga na utapunguza mwendo, lakini ukiwa umevaa helmeti, mkanda unanguruma chini yako na upepo unavuma, hutasikia kitu mpaka pistoni iwe imeshaumia.

Sasa tuje kwenye ile 88, ambayo ndiyo iliyonishtua zaidi katika barua yako. Hiyo si 87 iliyoboreshwa. Kwa kawaida petroli inayouzwa Marekani kwa namba 88 ina ethanoli hadi asilimia 15, nayo hujulikana pia kama E15. Ethanoli ina okteni kubwa, na ndiyo inayoipandisha namba. Na mara nyingi bei yake huwa ndogo kuliko ya 87, ambayo kwa kawaida ina ethanoli asilimia 10, yaani E10. Shirika la mazingira la serikali kuu ya Marekani limeiruhusu E15 kwa magari ya kuanzia mwaka 2001 na kuendelea, na limeikataza kwa pikipiki, boti, mashine za kukatia nyasi na pikipiki za theluji. Ukirudi kituoni, tazama pampu hiyo kwa karibu. Utakuta kibandiko cha rangi ya chungwa na buluu kinachosema kwamba mafuta hayo yanaweza kuharibu mitambo mingine na kwamba sheria inakataza kuyatumia humo. Ni kibandiko kidogo, na mtu anayejaza mafuta usiku kwenye baridi hana muda wa kukisoma. Sikulaumu kwa hilo, ila kuanzia leo, 88 ni ya gari lako tu.

Najua baadhi ya wasomaji watasema kwamba kutia pombe ya mahindi ndani ya petroli ni uchakachuaji. Neno hilo tunalijua vizuri, kwa sababu tumeona mafuta ya taa yakichanganywa na petroli kwa siri ili mtu apate faida. Huku ni tofauti: ethanoli imo kwa sheria na hutangazwa, na Minnesota, ambako mahindi ni zao kubwa, inataka ethanoli iwemo katika petroli ya kawaida kote jimboni tangu 1997. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, imeacha mlango wazi. Inaruhusu kuuzwa petroli isiyo na ethanoli, mradi okteni yake isipungue 91, kwa ajili ya magari ya kale ya kumbukumbu, pikipiki, boti, injini ndogo na pikipiki za theluji. Wenyeji wako huiita kwa kifupi “non-oksi”, kwa sababu haikuongezewa kitu chenye oksijeni, na pampu yake huwa na tangazo linalotaja vyombo hivyo. Kwa hiyo kwako swali la namba limejibiwa na sheria yenyewe, maana ukichagua isiyo na ethanoli umeshachagua na 91. Kinyume chake si kweli. Ipo 91 yenye ethanoli pia, nayo inaweza kuwa kwenye pampu ileile ya 87 na 88, na rafiki yako anayekuambia utie 91 bila kusema zaidi hajakukinga na chochote.

Kwa nini basi ninakushauri uiepuke ethanoli? Sababu ya kwanza ni hesabu ya hewa na mafuta. Petroli tupu huhitaji kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta ili iungue sawasawa, E10 huhitaji kama 14.1, na E15 huhitaji kama 13.8, kwa kuwa ethanoli imebeba oksijeni yake yenyewe. Kabureta haina ubongo. Jeti yake ni kitundu cha shaba chenye ukubwa uleule, kinachopitisha mafuta yaleyale kwa wingi uleule, bila kujua kama kilichomo ni petroli tupu au E15. Ikiwa jeti zilipangwa kwa petroli tupu nawe ukatia E15, injini inapata upungufu wa mafuta unaokaribia asilimia 6. Kisha ongeza baridi. Hewa ya nyuzi 29 chini ya sifuri ni nzito kuliko hewa ya sifuri kwa takriban asilimia 12, na kabureta haiwezi kuifidia yote, ndiyo maana watengenezaji huweka jedwali la ukubwa wa jeti kwa kila kiwango cha baridi na mwinuko, mara nyingi kwenye kibandiko ndani ya boneti au kwenye kava la mkanda wa injini. Desemba ulipita salama kwa kuwa baridi ilikuwa ya kadiri. Siku ile ya Januari ulikimbia na hewa nzito zaidi na mafuta yasiyotosha, na katika injini ya mipigo miwili mafuta machache maana yake ni joto kali juu ya pistoni, hasa upande wa ekzosi ambako moshi wa moto hupita.

Mashine za kisasa zisizo na kabureta, zinazopuliziwa mafuta kwa sindano na zenye kompyuta, hujirekebisha kwa baridi zenyewe, na vitabu vya watengenezaji wengi, wakiwemo wale wa jimbo lako wa miji ya Roseau na Thief River Falls, hukubali ethanoli isiyozidi asilimia 10. Kwa hiyo msomaji mwenye mashine mpya asiingiwe na hofu kwa sababu ya barua hii. Afuate kitabu chake.

Sababu ya pili ni maji. Petroli tupu na maji havipatani kabisa, lakini ethanoli huyakaribisha. Katika joto la wastani, galoni moja ya E10 inaweza kushika maji ya kama vijiko vinne vya chai bila wewe kuona chochote. Baridi ikizidi, uwezo huo hupungua, na maji yakizidi kiasi, ethanoli huiacha petroli na kushuka chini ya tangi pamoja na maji, wakaunda tabaka lao. Hapo unakuwa na hasara mbili kwa pamoja. Petroli iliyobaki juu imepoteza okteni iliyokuwa ikipewa na ethanoli, na mrija wa mafuta, ambao hunyonya kutoka chini, unaipelekea injini pombe na maji badala ya petroli. Mafuta yakifika hapo hakuna dawa ya chupa itakayoyarudisha, yanamwagwa.

Sasa nirudi kwenye pistoni yako, maana umeniandikia mambo mawili yenye maana kubwa kuliko ulivyodhani. Umesema ya kulia imekwaruzwa upande wa ekzosi na kuanza kuyeyuka ukingoni, na ya kushoto ilikuwa safi. Alama hizo ni za kukosa mafuta na kupata joto kali. Kama ungeondoka kwa kasi kabla injini haijapata moto, pistoni ingetanuka haraka kuliko silinda na ungeona mikwaruzo sehemu kadhaa kuizunguka pistoni, si upande mmoja. Kwa hiyo fundi hakukosea kutafuta kosa kwenye mafuta. Lakini silinda zote mbili zilikunywa kutoka tangi moja. Kama kosa lote lingekuwa la ethanoli, ningetarajia pistoni ya kushoto nayo ionyeshe angalau dalili. Upande mmoja ukiharibika na mwingine ukabaki safi, mimi hutazama kile ambacho upande huo hauchangii na mwenzake, na kitu hicho ni kabureta yake.

Jambo la pili ulilitaja kwa kupita tu: tangi lilikuwa na mafuta nusu tangu Machi, nawe ukaongezea juu yake. Hapo ndipo shaka yangu ilipoegemea. Mafuta yale yalikaa miezi minane tangini na kwenye vikombe vya kabureta. Sehemu nyepesi za petroli zilipotea hewani, na zilizobaki zikaacha utando wa rangi ya kahawia unaonata, kama asali iliyokauka. Tundu la jeti kuu ni dogo kiasi kwamba utando mwembamba tu hulipunguza. Kisha ukaja na E15, na ethanoli ni hodari wa kulainisha uchafu wa zamani kwenye tangi na mirija na kuupeleka mbele, hadi kwenye jeti. Ninavyoisoma barua yako, kabureta ya kulia ilikuwa imeziba kiasi, E15 ikapunguza mafuta zaidi, na baridi ya siku ile ikamalizia. Siwezi kuapa nikiwa mbali, lakini unaweza kuhakikisha mwenyewe. Muulize fundi kama alifungua kabureta zote mbili, akatoa jeti na kuzitazama mbele ya mwanga, au kama alibadilisha pistoni na ringi tu. Ikiwa hakuzifungua, mashine haijapona bado, na usiipeleke ziwani hata kwa petroli bora kuliko zote duniani.

Zikifunguliwa, omba pia jeti zilinganishwe na lile jedwali kwa baridi kali unayotarajia, mipira ya mafuta ibadilishwe kama imekakamaa au imekuwa laini kupita kiasi, na kiwambo cha pampu ya mafuta kiangaliwe. Vitu hivyo vina umri wa mashine, na ethanoli haikuvihurumia. Halafu, kwa kuwa umekulia mwaloni kama mimi, nakuonya: usishawishike kutumia oili ya injini za boti kwa kuwa nayo ni ya mipigo miwili. Ile imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji ya ziwa. Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya pikipiki za theluji.

Aliyekuuzia hajakudanganya, na ningependa usiweke kinyongo naye. Mtu anayeendesha kila wiki humaliza tangi kabla mafuta hayajazeeka, na huenda jeti zake zilikuwa zimepangwa kwa E10 tangu zamani. Wewe unaendesha mara mbili kwa mwezi, na kati ya safari hizo mafuta yanakaa. Tofauti yenu iko hapo.

Katika kununua, nenda kituo chenye wateja wengi, ambako mafuta hayakai muda mrefu kwenye tangi la chini ya ardhi. Kama “non-oksi” ina mpira wake wa kujazia peke yake, jaza dumu bila wasiwasi. Kama mpira ni mmoja kwa namba zote, ujue kwamba umebaki na mafuta ya mteja aliyetangulia. Tia kiasi kidogo kwanza kwenye gari lako, kisha ndipo ujaze dumu. Nunua ya kutosha safari moja au mbili, na uandike tarehe kwenye dumu kwa kalamu isiyofutika. Mimi sipendi mafuta yapite mwezi mmoja bila dawa ya kuyahifadhi. Petroli ya miezi ya joto haifai kuwekewa majira ya baridi pia, kwa sababu ile ya baridi hutengenezwa iwe nyepesi kugeuka mvuke ili injini iwake. Kuhusu bei, hata ikiwa imezidi kwa dola moja kila galoni, dumu lako la galoni tano litakugharimu dola tano zaidi, nawe unajua ulichomlipa fundi.

Ukitilia shaka kituo, kuna kipimo ambacho mtoto wa sekondari anaweza kukifanya. Tafuta chupa nyembamba ya kioo yenye alama za mililita. Kaa nje, mbali na moto wowote. Tia maji hadi alama ya 10, kisha petroli hadi ya 100, funga, tikisa, fungua mfuniko taratibu ili mvuke utoke, funga tena, halafu uiache isimame kwa dakika kumi. Maji yatashuka chini na utaona mstari kati yake na petroli. Mstari ukibaki kwenye 10, hakuna ethanoli. Ukipanda hadi karibu 18 au 19, umeuziwa E10, kwa kuwa ethanoli imeiacha petroli na kuyafuata maji. Ukipanda zaidi ya 20, hiyo ni ileile ya 88. Mimi hukifanya kipimo hiki mara moja kila mwanzo wa msimu, na hunichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Kuhusu chupa ya kuzuia kuganda, rafiki yako amekosea nusu. Ukiwa na E10, ethanoli yenyewe ndiyo kizuizi cha kuganda, na kumimina pombe nyingine juu yake ni kuzidisha tatizo la hesabu ya hewa na mafuta niliyokueleza. Ukiwa na petroli tupu, tone la maji linaweza kuganda kwenye kabureta au mrija, na hapo kiasi kidogo cha dawa yenye isopropanoli, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kinafaa siku za baridi kali. Soma kilichomo kabla ya kununua, maana nyingine ni za methanoli, na hizo usizitie kabisa.

Ukijikuta mbali na nyumbani, tangi linaelekea kuisha na kituo kilicho karibu kina E10 tu, jaza 91 yenye ethanoli asilimia 10, punguza kasi, rudi nyumbani, na usiyaache mafuta hayo tangini. Galoni tatu za E10 hazitaiua mashine iliyo safi. E15, hata hapo, hapana.

Lile dumu lililoko stoo lina mafuta ya mwaka jana. Yangekuwa ya mwezi uliopita ningekuambia uyatie kwenye gari lako, ikiwa ni la mwaka 2001 au baada yake, lakini sasa yamezeeka na pengine yamejitenga. Yapeleke kwenye kituo cha kaunti cha kupokea taka hatarishi za majumbani, na usiyamwage chini, kwa kuwa ardhi hiyo inateremkia kwenye ziwa unalovua. Dumu lenyewe lisuuze kwa petroli mpya kidogo kabla ya kulijaza. Tangi la mashine nalo limwagwe lote ikiwa fundi hakufanya hivyo.

Majira yakiisha, mwezi Machi, usirudie alichofanya mwenzako. Tia dawa ya kuhifadhi kwenye petroli mpya isiyo na ethanoli, jaza tangi hadi karibu na mfuniko ili hewa yenye unyevu isipate nafasi, iache injini iwake dakika chache mafuta hayo yafike kwenye kabureta, kisha umwage vikombe vya kabureta zote mbili. Fundi anaweza kukuonyesha skrubu zake mara moja, na baada ya hapo utafanya mwenyewe.

Mwambie mama wa nyumbani kwako kwamba nimemsikia. Msimu huu, safari yako ya kwanza iwe karibu na ufukwe, mchana, na usiende peke yako. Ipashe moto injini mpaka ipate joto lake, endesha kama kilomita mbili kwa kasi ya kawaida, izime ghafla ukiwa bado mwendoni, ngoja ipoe kidogo, kisha utoe plagi zote mbili uzilaze juu ya kitambaa cheupe. Kaure ya plagi ikiwa na rangi ya kahawia kama ya chai ya maziwa, mafuta yanatosha. Ikiwa nyeupe kama chaki, hasa ya upande wa kulia, usiondoke hapo kwa kasi. Rudisha mashine polepole na ufungue kabureta. Niandikie rangi ulizoziona, ya kulia na ya kushoto, na kiwango cha baridi cha siku hiyo, nami nitakujibu.